Nguzo Tupu Ndani

Fundi wa kuchomelea niliyemkuta Maganzo, wilayani Kishapu, hana kalipa. Akitaka kujua unene wa skwea paipu, huinyanyua upande mmoja, huigonga kwa spana, kisha hutega sikio. Ikilia kama sufuria, huirudisha kwenye rundo. Ikilia kizito, kama reli, hukubali kuzungumza bei. Karakana yake ni banda la mabati kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, si mbali na njia inayochepuka kuelekea mgodi wa almasi wa Mwadui. Nje ya banda hilo nilikuta kitu kilichonisimamisha: nguzo nne za mnara wa tenki la maji zimelazwa chini, zote zimepinda upande mmoja.

“Mwadila, mzee,” alinisalimu, akaona macho yangu yalipo. “Huo mnara si kazi ya mkono wangu. Nimeletewa kama chakavu.”

Akanisimulia. Mnara ulikaa wiki kadhaa na tenki tupu la lita 3,000 juu yake, kwa kuwa maji yalikuwa hayajaunganishwa. Yalipofika, tenki likajazwa jioni. Kabla ya alfajiri mnara ulikuwa umepiga magoti. Hakuumia mtu, aliyekufa ni mbuzi mmoja aliyekuwa amefungwa hapo chini, na mbuzi huyo bado ana kesi kwa mtendaji wa kijiji.

Hukumu ya fundi ni fupi: chuma kibovu. Nilichutama nikapima kwa kalipa yangu. Ni skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, iliyonunuliwa kwa jina la milimita 2, kumbe ukuta wake ni milimita 1.2. Mwenye mnara alipunjwa, hilo halina ubishi. Ila hukumu ya chuma kibovu siikubali. Nilipokata kipande kwa grenda, chuma kilikuwa chuma, kigumu kama inavyotakiwa. Kilichouangusha mnara ule kilishajulikana kabla hajazaliwa babu wa babu wa yeyote kati yetu, na historia yake inapita mbali sana na Kishapu kabla ya kurudi kwenye rundo hili.

Nguzo za kwanza za ukanda huu wa madini zilikuwa miti. Mgodi wa Geita ulichimbwa chini ya ardhi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na kwa wakati wake hapakuwa na mgodi wa dhahabu ulioushinda ukubwa Afrika Mashariki. Zama hizo dari la mgodi lilishikiliwa kwa magogo, na mpaka leo wachimbaji wadogo, kuanzia Nyarugusu hadi vijiji vya Kahama, hawashuki duarani, yaani shimoni, bila matimba, magogo ya kuegemeza. Mchimbaji mzoefu atakwambia kwa nini anaupenda mti: mti husema. Ukielemewa hulia, nyuzi zake hukatika moja baada ya nyingine, na aliye chini hupata dakika ya kukimbilia kamba. Lakini si kila mara. Oktoba 2015 udongo uliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, ukawafukia wachimbaji chini. Watano walitolewa hai Novemba, baada ya siku 41 gizani, wakiwa wameishi kwa mende, vyura na mizizi. Mwenzao mmoja hakutoka.

Mwadui haikuwa na shida hiyo kwa sababu ni shimo la wazi. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliugundua mwamba wake mwaka 1940. Wanajiolojia huuita mwamba wa aina hiyo bomba, kwa kuwa ulipanda kutoka tumboni mwa dunia kama maji yapandavyo kwenye mrija, na bomba la Mwadui lina hekta zipatazo 146 juu ya ardhi. Hapo ndipo ilipotoka almasi ya waridi ya karati 54.5 mwaka 1947, aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Kwa hiyo naweza kusema, nusu kwa utani, kwamba Maganzo ni mji wa mabomba mawili: moja la almasi lililo jirani, ambalo wengi huliona kwa mbali, na jingine la mraba, la bati lililokunjwa, ambalo limeshika kila kibaraza, kila geti, kila banda la bodaboda na kila mnara wa tenki. La kwanza limeandikiwa vitabu. Hili la pili ndilo ninalotaka kulisimulia.

Mwaka 1744 mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, aliambatanisha kwenye kitabu chake cha hesabu sura kuhusu mikunjo ya fito nyembamba. Chukua fito iliyonyooka, isimamishe, ibonyeze kichwani taratibu. Mwanzoni haifanyi kitu. Unaongeza, bado imetulia. Kisha unafika uzito fulani, fito inapinda kiuno ghafla, na ukiendelea kubonyeza inaondoka kabisa. Euler aliukokotoa uzito huo. Jibu lake lina mambo mawili ambayo mafundi wengi wa leo, hata waliopita chuo, huyasahau.

La kwanza ni urefu. Ukirefusha nguzo mara mbili, uwezo wake haushuki nusu, unashuka hadi robo. Ukiirefusha mara tatu, unabaki na sehemu moja ya tisa. La pili linashangaza zaidi: katika hesabu ya Euler, uimara wa chuma, yaani kiwango ambacho kikifika chuma kinalegea na hakirudi, haumo kabisa. Kinachohesabiwa ni ukakamavu, jinsi chuma kinavyokataa kupinda, na ukakamavu huo ni karibu sawa kwa chuma chochote, cha bei rahisi au cha bei ghali. Nguzo nyembamba ndefu ya chuma bora kabisa duniani itapinda kiuno kwa uzito uleule unaoipinda ya chuma cha kawaida. Ndiyo maana maneno “chuma kibovu” yalinikaa vibaya sikioni. Kwa nguzo za namna ile, chuma kizuri kisingeokoa hata mbuzi.

Kinachosaidia ni umbo, na hilo watu waliliona kabla ya Euler. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, aliuliza kwa nini mifupa ya ndege na mabua ni tupu ndani lakini ni imara kwa uzito wake. Mkazi wa kando ya Ziwa Victoria hahitaji Galileo kwa hili. Amejenga kwa matete, ameyavunja kwa goti, anajua kwamba tete jepesi lenye uwazi ndani hukataa kupinda kuliko kijiti kizima cha uzito uleule. Nyuzi zilizo mbali na kiini ndizo zinazofanya kazi. Zilizo kiinini zimekaa tu.

Acha nilionyeshe kwa namba, kwa kuwa hapa ndipo penye utamu. Chukua skwea paipu ya 50 kwa 50, ukuta wa milimita 2 za kweli, urefu wa mita 3. Ina kilo kama 9 za chuma. Ukiyeyusha kilo hizo 9 ukatengeneza nondo ya mraba ya mita 3, upana wake utakuwa chini kidogo ya milimita 20. Isimamishe, ishike miisho yake isiyumbe, kisha itwike mzigo. Kwa hesabu ya Euler, nondo hiyo inapinda kiuno kabla ya kufika kilo 300. Skwea paipu, kwa chuma kilekile na uzito uleule, inakwenda mpaka karibu tani 3.5. Mara kumi na mbili, bila kuongeza hata gramu moja. Umesogeza tu chuma kutoka kiinini ukakipeleka pembeni.

Basi kwa nini tusiendelee? Tupanue boksi, tupunguze ukuta, chuma kiende mbali zaidi na kiini, tujenge ghorofa kwa karatasi ya sigara. Swali hilo lilijibiwa Uingereza katika miaka ya 1840. Robert Stephenson alitaka kuvusha reli juu ya mlango wa bahari wa Menai, huko Wales, kwa bomba kubwa la pembe nne ambalo treni ingepita ndani yake. Aliwapa kazi ya majaribio William Fairbairn na Eaton Hodgkinson. Walitengeneza mabomba ya bati la chuma, wakayapakia mpaka yakafa, na wakaona jambo ambalo Euler hakulisema. Bomba halikupinda lote. Bati la juu, lililokuwa likibanwa, lilifanya mawimbi kama mkeka uliosukumwa ukutani, likakunjamana, na bomba likaanguka wakati chuma chake hakijafika hata karibu na uimara wake. Daraja la Britannia lilifunguliwa mwaka 1850 likiwa na safu ya vijibomba vidogo kwenye paa lake, ili bati la juu lisipate nafasi ya kufanya mawimbi.

Tangu siku hizo nguzo tupu ina maadui wawili. Mmoja huipinda kiuno nzima, mwingine huibonyeza ngozi. Ukimkimbia wa kwanza kwa kupanua boksi na kupunguza ukuta, unakwenda mikononi mwa wa pili.

Mwaka 1907 una mambo matatu yanayonichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Februari, katika jimbo la Quebec, Kanada, alizaliwa Williamson, ambaye miaka 33 baadaye angeipa Mwadui jina duniani. Mwaka huohuo, mjini Vienna, alizaliwa mtoto aitwaye George Winter, ambaye nitamrudia. Na tarehe 29 Agosti mwaka huohuo, katika jimbo lilelile la Quebec, daraja la chuma lililokuwa likijengwa juu ya mto Saint Lawrence lilianguka, likaua watu 75.

Daraja la Quebec halikuangushwa na upepo wala tetemeko. Liliangushwa na viungo vya chini vilivyokuwa vikibanwa, vilivyoundwa kwa mabamba manne yaliyounganishwa kwa vyuma vyembamba vya kukatishana. Uzito wa daraja ulikadiriwa chini ya ule halisi, na vyuma vile vya kuunganisha vilikuwa dhaifu. Ajabu ni kwamba viungo vilisema. Wiki kadhaa kabla, vipimo vilionyesha mabamba yanaanza kupinda, na siku mbili kabla ya ajali, moja lilikuwa limepinda kiasi cha milimita 57. Barua zikaandikwa, watu wakabishana kama mabamba yalikuja yamepinda tangu kiwandani, mhandisi wa pale akapanda treni kwenda New York kumuona mkubwa wake, Theodore Cooper, aliyekuwa hajakanyaga hapo kwa muda mrefu. Cooper akaagiza mzigo usiongezwe. Agizo halikufika darajani kwa wakati. Mchimbaji wa Nyarugusu akisikia gogo linalia hapandi treni kwenda kuuliza, anapanda kamba.

Winter alikulia Ulaya, akafika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuingia Chuo Kikuu cha Cornell. Wakati huo viwanda vya Marekani vilikuwa na bati jingi, na vilishajua kulikunja bila moto: unalipitisha katikati ya magurudumu ya chuma, kila jozi inalikunja kidogo, likitoka mwisho limekuwa mfereji, pembe au boksi. Nafuu yake ilikuwa kubwa. Tatizo lilikuwa vitabu vya sheria za ujenzi. Viliandikwa kwa chuma kinene kilichoviringishwa kikiwa chekundu kwa moto, na mkaguzi wa jiji akiona nguzo ya bati alitikisa kichwa tu. Mwaka 1939 taasisi ya wazalishaji wa chuma ya nchi hiyo iliidhamini Cornell kulichunguza jambo hilo, na kazi ikamwangukia Winter.

Alichokikuta kwenye ukuta mwembamba unaobanwa ni hiki, na nitatumia kanga kukieleza. Watu wawili wakiishika kanga kwenye pindo mbili wakaivuta, pindo zinakaza na katikati panaweza kulegea, ila kanga haijachanika. Ukuta wa boksi ni vivyo hivyo kwa kubanwa. Sehemu zilizo karibu na kona zimeshikwa, haziwezi kukimbia, kwa hiyo zinaendelea kubeba. Katikati panafanya wimbi dogo, panautua mzigo wake, na mzigo huo unahamia konani. Nguzo haijafa. Imepungua. Theodore von Kármán na wenzake walikuwa wamelisema hilo kwa hesabu mwaka 1932, wakifikiria ndege. Winter alilipima kwa mamia ya vipande vya bati, akalisahihisha kwa ajili ya bati halisi lenye mabonyeo ya kiwandani, akatoa kanuni ambayo mhandisi angeweza kuitumia mezani. Usihesabu upana wote wa ukuta. Hesabu ule tu unaofanya kazi. Mwaka 1946 kanuni zake ziliingia kwenye kitabu cha kwanza cha Marekani cha chuma kilichokunjwa baridi, na jamaa zake zimo mpaka leo katika kitabu cha Ulaya cha sheria za ujenzi.

Namba tena, kwa wanaopenda. Mtu akikuuzia boksi la milimita 100 kwa 100 lenye ukuta wa 1.2, utaliona kubwa, la kuheshimika, linafaa geti la mbunge. Kwa kanuni ya Winter, likibanwa mpaka kiwango cha chuma cha kawaida, takriban asilimia 60 tu ya kila ukuta ndiyo inayofanya kazi. Asilimia 40 umeilipia, umeipaka rangi, lakini imekaa tu. Boksi la 50 kwa 50 lenye ukuta huohuo, kwa bahati, liko mpakani: ukuta wake mdogo bado unashikwa na kona zake. Kwa hiyo nguzo za mnara wa Maganzo hazikufa kwa kubonyea ngozi, ingawa karibu na zege nilikuta zimekunjamana. Hayo yalikuja mwishoni, wakati zinaanguka.

Kuna kitu kingine ambacho ni lazima ukione kwa macho yako. Chukua grenda, kata utepe mwembamba kwa urefu kutoka kwenye ubavu wa skwea paipu, kama kukata muwa. Ukimaliza kukata, utepe unajikunja wenyewe kuelekea nje, kama upinde, bila kuguswa. Niliufanyia fundi hapohapo. Alirudi nyuma hatua moja. Chuma kile kilikuwa kimekunjwa kwa nguvu kutoka roli la bati, kikafanywa duara, kikachomelewa mshono kwa umeme, kisha kikasukumwa kwa magurudumu mpaka kikawa cha pembe nne, na yote hayo bila moto wa kukituliza. Hasira ya safari hiyo imebaki ndani. Upande wa nje unavuta, wa ndani unabanwa, kabla hujaweka hata kilo moja juu. Kona zimekuwa ngumu zaidi kuliko bati lilivyotoka kiwandani, kwa sababu chuma kikikunjwa baridi hukakamaa. Hiyo ni faida. Ila zimepoteza unyumbufu, na ndiyo maana kitabu cha Ulaya kina masharti kuhusu kuchomelea karibu na kona za boksi lililokunjwa baridi.

Hasira hiyo, pamoja na mpindo mdogo ambao kila nguzo inazaliwa nao, ndivyo vinavyoifanya nguzo halisi isifike kwenye namba ya Euler. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa nchi kadhaa za Ulaya walizibana nguzo zaidi ya 1,000 mpaka zikafa, wakachora mistari ya kuonyesha kila aina inafika wapi. Boksi lililomaliziwa kwa moto lilipewa mstari wa juu. Lililokunjwa baridi, leo, limewekwa chini zaidi. Ile skwea paipu yetu ya milimita 2, mita 3, ambayo Euler aliipa karibu tani 3.5, ingemaliziwa kwa moto kitabu kingeipa kama tani 3. Kwa kuwa imekunjwa baridi, inapewa kama 2.5. Nusu tani ndiyo bei ya hasira.

Jinsi bomba hili lilivyofika kwetu ni hadithi fupi zaidi. Mwaka 1960, kabla ya Uhuru, kilianzishwa Dar es Salaam kiwanda cha ALAF, ambacho jina lake Watanzania wengi hulijua kwa mabati na ambacho hutengeneza pia mabomba ya chuma. Kisha ikaja miaka ya ukosefu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo hata sabuni ilikuwa ya foleni, na fundi wa geti alitengeneza kwa alichokipata. Baada ya Mzee Mwinyi kuingia Ikulu mwaka 1985 na kufungua milango ya biashara, bidhaa za nje zikaanza kumiminika. Mengine yaliyobaki yaliletwa na umeme. Kuchomelea kunataka umeme, na tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nyaya zimefika vijiji ambavyo zamani fundi wao alikuwa seremala. Mti ukawa haba, paipu ikawa karibu. Nguzo ya kibaraza ikahama kutoka kwa msumeno kwenda kwa grenda ndani ya kizazi kimoja.

Chini ya ardhi nako bomba limeingia, kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1970 Mmarekani James Scott alibuni bomba la bati lililokunjwa, lenye ufa mwembamba kuanzia juu hadi chini. Unatoboa mwamba tundu jembamba kuliko bomba, kisha unalipigilia humo kwa nguvu. Ufa unajibana, bomba linataka kufunguka, na kwa hasira ya kubanwa huko linaung’ang’ania mwamba. Migodi mikubwa ya leo duniani hushika dari zake kwa mabomba ya aina hiyo pamoja na wavu wa chuma, mahali ambapo zamani yangesimama magogo. Kile ambacho ni hasara kwenye nguzo kimekuwa ndiyo kazi yenyewe.

Turudi kwa mnara na mbuzi wake. Tenki la lita 3,000 likijaa ni tani 3 za maji. Kwa nguzo nne, kila moja inabeba kilo 750, ukiacha uzito wa tenki na jukwaa. Nguzo zilikuwa za mita 3, zimezikwa kwenye zege chini, na juu zimeunganishwa na fremu. Ubavuni hapakuwa na kitu. Hakuna chuma hata kimoja kilichokatisha kutoka nguzo hadi nguzo mfano wa mkasi. Kwa hiyo fremu nzima ya juu, pamoja na maji yake, ilikuwa huru kuyumba. Nguzo ambayo kichwa chake kiko huru kuyumba namna hiyo hukaribia kuhesabiwa kana kwamba urefu wake ni mara mbili, na urefu ukiwa mara mbili, unajua tayari: uwezo unabaki robo.

Kwa ukuta wa milimita 1.2, robo hiyo ni kama kilo 550 kwa nguzo. Mzigo ulikuwa 750. Mnara ule haukuanguka kwa bahati mbaya, ulisubiri maji. Na kama mwuzaji angekuwa mwaminifu, ukuta ukawa milimita 2 kamili? Kitabu, baada ya kukata hasira na mipindo, kinatoa kilo kama 750. Yaani ungesimama ukingoni, ukisubiri upepo wa kwanza wa masika. Upande wa pili, lau kama fundi aliyeujenga angekatisha vyuma vya mkasi kila upande, hata paipu ileile nyembamba ingebeba kama tani 1.6 kwa nguzo, mara mbili ya iliyotakiwa, angalau mpaka kutu iingie. Kutu ya paipu huweza kuanzia ndani ambako rangi haifiki, na ukuta wa 1.2 hauna cha kupoteza.

Nilimweleza fundi haya tukiwa tumekaa juu ya nguzo zenyewe. Alinyamaza, kisha akauliza swali la kifundi: vyuma vya mkasi vingegharimu kiasi gani? Tukahesabu. Kwa bei aliyonitajia, vingegharimu pungufu ya mbuzi.

“Wateja hawavitaki,” alisema. “Wanasema vinaharibu sura.”

“Na kujaza zege ndani ya paipu, je?” Aliuliza hilo pia, kwa maana wapo wanaofanya. Zege husaidia ukuta usibonyee kwa ndani na huongeza ukakamavu kidogo. Ila haliondoi kuyumba, na kwenye mnara ule lingeongeza uzito bila kugusa ugonjwa. Kwanza mkasi.

Basi, ndugu msomaji unayejenga mnara au kibaraza, ukiwa Maganzo, Kakola au Katoro, kabla hujagombana na mtu kuhusu chuma kibovu, dai vyuma vya mkasi pande zote nne, viandikwe kwenye makubaliano kabla hujalipa fundi. Kisha ipime paipu. Kalipa ni adimu, na sikio la fundi hudanganyika. Lakini Kishapu ni nchi ya pamba na choroko, na mzani wa kuning’iniza haukosekani dukani. Skwea paipu ya 50 kwa 50 yenye ukuta wa milimita 2, urefu wa mita 6, ina karibu kilo 18. Yenye ukuta wa 1.2 ina kama 11.